Kidevu Si Skrepa

Sisi tuliokulia Sepuka enzi zile hatukuhitaji kuliona gari ili tulijue. Ukiwa kwenye shamba la alizeti, jembe mkononi, ulisikia mlio ng'ambo ya korongo ukasema: lile basi la mjini, lile lori la chumvi, na lile linalokohoa ni la kwetu. La kwetu lilikuwa pikapu kuukuu la petroli. Bampa lake lilichomoza mbele kiasi kwamba kijiji kizima kililiita Kidevu. Baba na kaka yake, Baba Mkubwa, walilinunua pamoja likiwa tayari limetumika, nasi watoto tukalipenda kama ndugu.

Tulilipenda zaidi lilipokataa kuwaka. Asubuhi za mnada, kabla uji wa uwele haujapoa, Baba alizungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka shati likamgandia mgongoni, kisha akaita, "Watoto!" Tukamiminika kutoka kila mlango, maana aliyesukuma alipewa lifti hadi korongoni. Dada yangu Mwajuma alikuwa na nafasi yake nyuma upande wa kushoto, na ole wako uiguse. Kidevu lilishtuka, likatutemea moshi mweusi, tukarukia juu ya magunia tukiwa weusi, meno tu ndiyo yanaonekana. Watoto wa leo wana magari kwenye simu; likizima wanabonyeza tena. Sisi tulibonyeza kwa mabega.

Baba Mkubwa hakucheka. Yeye alitaka liuzwe, wanunue ng'ombe wa kulimia. "Ng'ombe akigoma, amegoma na njaa yake," alimwambia Baba. "Hili linakunywa petroli kwanza, halafu ndiyo linagoma!" Tena alishampata mnunuzi kutoka kijiji cha Mkiwa, aliyetaka kulikata akachukue ekseli na magurudumu atengeneze mkokoteni. Sisi tuliposikia Kidevu litageuzwa mkokoteni, hata hamu ya mlenda ilituisha.

Baba hakukubali. Alikuwa mtu wa kueleza mambo taratibu, na jioni moja alituita tukae karibu na injini iliyofunguliwa. "Mama yenu akiwa na kuni kavu na kibiriti kilicholowa, atapika?" Tukajibu hapana. "Basi na gari ni hivyo hivyo. Petroli ndiyo kuni. Kibiriti ni cheche ya umeme." Akatuonyesha platinamu, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana injini inapozunguka. Vikiachana, koili inatoa umeme mkali. Rota inaugawa umeme huo, kila plagi inapata zamu yake, na kwenye ncha ya plagi cheche inaruka na kuwasha petroli. Kisha akakiri kwamba spea hizo alizinunua mnadani, ndani ya boksi linalong'aa, kumbe ni bandia. Platinamu zilishaungua na kulika, nafasi kati yake imebana, kwa hiyo cheche ilikuja dhaifu na kwa kuchelewa. Rota nayo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Gari likipata joto tu, umeme ulivujia humo, plagi zikabaki na njaa. Petroli isiyoungua ndiyo ule moshi mweusi tuliouchekelea.

"Gari halijazeeka," akasema. "Linawashwa na kibiriti kibovu."

Akapanda basi kwenda Singida mjini. Akarudi jioni na platinamu na rota za kweli ndani ya kifurushi cha karatasi yenye mafuta, kidogo mno hata Baba Mkubwa akapiga makofi kwa mshangao. "Yaani umekwenda mjini kutwa nzima, umerudi na kitu cha kuweka mfuko wa shati?"

"Ndiyo, kaka."

"Haya. Mnada ujao twende wote Ikungi. Mtu yeyote akiligusa hili gari kwa mkono kulisukuma, yule wa Mkiwa analichukua palepale mnadani."

"Sawa, kaka. Na wewe ukae mbele, uone mwenyewe."

Baba alizifunga spea zile, na asubuhi ya mnada tulijipanga nyuma kama kawaida, Mwajuma kwenye nafasi yake. Baba akazungusha hendeli mara moja tu, na Kidevu likawaka. Halikukohoa, halikutoa moshi. Tukabaki tumenyoosha mikono hewani kama watu waliosahauliwa harusini. Mwajuma alinuna mpaka Baba akaturuhusu tupande juu ya magunia ya alizeti.

Kazi ilikuwa korongoni. Mchanga wa pale ulimeza magurudumu, na mwinuko wa ng'ambo ndipo Kidevu lilipozoea kuzima likiwa limepata joto. Baba Mkubwa alishika kofia yake kwa mikono miwili. Tuliposhuka mchangani injini ikanguruma kwa uzito, magunia yakayumba, mimi nikafumba macho. "Asishuke mtu!" Baba akapaza sauti. Sauti ya injini haikukatika. Nilipofumbua macho tulikuwa juu, upepo unatupiga usoni.

"Simamisha," akasema Baba Mkubwa. Alijua alichokuwa anakitafuta: spea mbovu huonyesha tabia yake injini ikiwa ya moto. "Zima. Sasa washa tena."

Likawaka. Akalizunguka akilitazama, mikono nyuma, kisha akapanda na kufunga mlango taratibu kuliko siku zote. "Yule wa Mkiwa mwambie atafute mkokoteni mwingine."

Wazee wote wawili wameshatangulia. Kidevu liko uani kwangu, na vita ni ile ile. Wiki iliyopita walikuja vijana wanaonunua chuma chakavu, wamebeba mizani. Wakasalimia vizuri, "Shikamoo mzee," kisha wakaanza kuligonga bodi kama watu wanaochagua tikiti. Mwanangu Rama akawaunga mkono: "Baba, linamisi hili, injini inakatakata, uzee huo." Nikamwita kama nilivyoitwa mimi, nikafungua kifuniko. Plagi mpya alizokuwa ameninunulia zilikuwa nyepesi, maandishi yamepinda, ncha imekaa upande. Nikamwambia: mwanangu, usinunue boksi, nunua kilichomo. Shika uzito wake, linganisha na ile ya zamani, tazama kama ina ufa. Iliyotumika ya kweli ni bora kuliko mpya ya uongo. Nikazitoa, nikafunga za kweli zilizotumika mbele yao wote, Kidevu likawaka bila kukatakata, na wale vijana wakaondoka na mizani yao tupu.

Zamani kitu kikiugua tuliuliza kimelishwa nini. Siku hizi kinaulizwa kina kilo ngapi. Labda ndiyo dunia ilivyo, na wenzangu wengi wa rika langu wameshakubali. Mimi sijakubali. Rama, mafuta yapo, na kesho ni mnada Ikungi. Utaendesha wewe.