Vitabu Visivyozika Watu

Wakili alikirusha kitabu kikagonga ukuta wa chumba cha pasi, kikaangukia kwenye toroli la foronya. "Ukurasa wa kumi na mbili," akasema, "mfanyakazi wa ndani kauawa. Sasa kitabu kinaelekea kuisha, na hakuna hata mmoja aliyemzika!"

Tulicheka, kwa sababu wakati ule bado tulikuwa tunacheka. Tunafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka ya hoteli na ya hospitali, na Wakili ndiye mkuu wa pasi. Jina hilo tulimpa sisi. Sheria hajasomea hata siku moja, ila ukimwambia leo jua kali atakuuliza ushahidi umeupata wapi. Ana mikono mirefu, sauti ya kukwaruza, na hasira isiyochagua. Anaigombeza pasi, anamgombeza meneja, na zaidi ya vyote anagombana na vitabu.

Vitabu vyenyewe hatununui, vinakuja na uchafu. Mgeni wa hoteli anasoma kitandani mpaka usingizi unamchukua, asubuhi mhudumu anakunja shuka na kila kilichomo, analitia kwenye gunia. Tukifungua gunia tunakuta soksi, miwani, meno ya bandia, na riwaya. Mwanzoni tulikuwa tunazirudisha, hoteli wakasema hawana pa kuziweka. Wakili akazipangia ubao juu ya bomba la mvuke, zile zilizolowa zikakauka zikavimba kama maandazi. Saa ya chakula anatusomea huku anafasiri kwa Kiswahili papo hapo, na kila baada ya aya mbili anasimama kutoa hukumu.

Zinazokuja kwa wingi ni hadithi za mauaji, lakini mauaji ya kistaarabu. Kuna mji mdogo, duka la vitabu, mwanamke anayeoka keki na paka mnene. Mtu anakutwa amekufa bustanini, damu haijai kijiko, na yule muoka keki anaacha tanuri linawaka anakwenda kumtafuta muuaji.

"Nani anaangalia hizo keki?" Wakili anauliza. "Jamani, mtu ana biashara, ana wateja, halafu kutwa yuko barabarani anachungulia madirisha ya watu! Na hizo keki haziungui! Na mji gani huo, kila mwezi anakufa mtu na bado watu wanahamia, wanagombania nyumba za kupanga?"

Chai ndiyo iliyokuwa inamtia wazimu. Kwenye vitabu hivyo mtu anatiliwa sumu jioni, na kesho yake wote wanakwenda kunywa chai kwa yule yule anayeshukiwa. "Tena wanaomba kikombe cha pili!" Na yule bibi mstaafu anayeingia nyumba za watu kuuliza maswali, anasifiwa eti ana akili. "Huku kwetu angeitwa mbea na mlango angefungiwa." Na shuka lenye damu likipatikana, polisi, daktari na muoka keki wanalizunguka wanakuna vichwa. "Wangemwita dobi, kitabu kingeisha ukurasa wa ishirini!"

Usidhani vitabu vingine vilipona. Vya mapenzi alivichukia kwa sababu mwanaume wa humo ni mabega matupu, hana mama, hana shemeji, haumwi hata tumbo. Vile vya kufundisha watu kutajirika alikuwa anavisoma kwa sauti ya meneja. Kimoja kilisema siri ya matajiri ni kuamka kabla jua halijachomoza. Mama mmoja wa kitengo cha kukunja, ambaye saa hiyo huwa ameshafika kazini, alicheka mpaka akaomba maji. Kile kitabu Wakili alikiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba, na meza ikatulia. Akasema ndiyo faida pekee ambayo mtu amewahi kuipata kwenye kitabu hicho.

Lakini kosa ambalo hakuwasamehe waandishi ni hilo la maziko. Alisema wanaua watu kisha hawawaziki. Tena ni waoga, wanamchagua marehemu mwenye roho mbaya, mwenye nyumba katili au tajiri bahili, ili msomaji asisumbuke kulia. Na wakimuua mtu mwema basi ni mtumishi, naye anasahaulika kabla chai haijapoa. "Huyu alikuwa mtoto wa mtu," alikuwa anasema, akipiga kitabu kwa kiganja. "Nani alipeleka habari kwao? Nani alikaa na mama yake?"

Wa kumjibu alikuwa mmoja tu, Mama Pacha, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukamulia. Mwanamke mfupi, mcheshi, mjane mwenye mabinti wawili pacha ambao walikuwa wameshakuwa wakubwa na bado aliwanunulia nguo za kufanana. Yeye vitabu vile alivipenda. "Wewe dada unatafuta ugomvi hata na karatasi," alikuwa anamwambia. "Mimi nikisikia hizo hadithi zako usiku nalala. Soma, acha kelele. Mimi nasema ni daktari." Siku zote alimshuku daktari. Hata kwenye kitabu kisichokuwa na daktari alisema tusubiri, atatokea. Wakili alikuwa anamtolea uvivu, wanarushiana maneno mpaka kengele inalia, na kesho yake wanagawana tena chakula kwenye bakuli moja.

Ile mashine ya kukamulia ilikuwa inapiga shoti. Hilo halikuwa siri. Sakafu yetu haikauki, na ukigusa mfuniko wakati umekanyaga maji, mkono wote unakufa ganzi mpaka begani. Tulimwambia meneja. Fundi umeme akaja, akafungua, akasema nyaya zimeoza, mashine izimwe mpaka abadilishe zote. Meneja akasema wageni ni wengi hotelini, tusubiri wapungue. Akatuletea ubao wa kusimamia. Akauweka kwa mkono wake mwenyewe na akatuambia tumshukuru. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini wahenga hawakufanya kazi kwa mtu ambaye ukuta ukianguka unawaangukia wengine.

Mama Pacha alikufa asubuhi, katikati ya zamu. Hakupiga hata ukelele. Wakili ndiye aliyekimbilia swichi kuu, na ndiye aliyemlaza kwenye shuka la hospitali ambalo alikuwa ametoka kulipiga pasi. Meneja alifika, akasimama mlangoni, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Alikuwa na presha, si ndiyo?"

Nilimchukia pale pale, na sijaacha hadi leo.

Mchana walimchukua, na kesho yake mashine ilikuwa inazunguka. Meneja alipangua zamu upya, wa kukunja akaenda kukamua, wa kukamua usiku akaenda kukunja, na kazi ikaendelea kana kwamba mtu ameomba ruhusa ya kwenda sokoni. Nyumbani kwa marehemu ofisi ilipeleka taarifa kwamba ameugua ghafla. Ikapeleka na jeneza zuri lenye vishikio vya shaba, na basi la kutubeba sote kwenda maziko. Tukaambiwa tuvae sare safi.

Siku ya maziko, kabla hatujapanda basi, meneja alimwita Wakili na kumpa karatasi. Ulikuwa wasifu wa marehemu, umechapwa ofisini. "Wewe ndiye msomaji wetu," akamwambia. "Una sauti. Utatuwakilisha vizuri." Kilemba cha ukoka hicho, na alikivisha kichwa kisichovishika. Wakili alisoma karatasi yote pale pale, midomo ikicheza. Nilikuwa karibu, nikauona ule mstari: alijisikia vibaya ghafla akiwa kazini, jitihada za kuokoa maisha yake zikashindikana.

"Utausoma?" nikamuuliza ndani ya basi.

"Wameniuliza kama nataka?" Akageukia dirisha. Nilijua kilichokuwa kinamsumbua. Mabinti wale walikuwa wanamzika mama yao huku wakiamini kwamba mwili wake ndio uliomsaliti. Karatasi hiyo ikisomwa mbele ya ukoo mzima, na msomaji akiwa rafiki yake wa bakuli moja, basi uongo umeshakuwa kweli na hakuna atakayeufukua.

Uwanja wa nyumbani ulijaa. Turubai lilifungwa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mstari wa mbele aliketi meneja, katikati ya wazee, na chupa ya maji aliyopewa yeye peke yake. Wakaita mwakilishi wa kazini. Wakili akasimama, akachukua kipaza sauti, akaanza. Alizaliwa mtoto wa tatu. Alisoma. Aliolewa. Aliajiriwa, alikuwa mchapakazi, mtiifu kwa viongozi wake. Sauti yake ilikwenda sawasawa, vizuri kuliko alivyowahi kutusomea. Alipofika kwenye ule mstari akaacha kusoma.

Akaikunja karatasi mara mbili.

"Hii siisomi," akasema. "Mama Pacha hakuugua. Asubuhi ile alikuja anaimba. Alinitania, akabeba magunia mawili, akasimama kwenye mashine yake, na mashine ikamuua. Umeme umemuua. Mashine hiyo inatupiga wote. Fundi alisema izimwe. Meneja huyu hapa, aliyekaa na wazee, alisema tusubiri wageni wapungue, akatuletea ubao. Nawaambia mbele yake ili kama nasema uongo asimame aseme."

Meneja hakusimama. Alifungua chupa yake, akanywa, akaifunga, akajitia hamnazo anaangalia vidole vya miguu ya mzee wa pembeni yake. Mimi nikasema moyoni kwa furaha, sasa, sasa watamgeukia, sasa atatafuta pa kutokea.

Aliyesimama alikuwa kaka wa marehemu. Alimnyang'anya Wakili kipaza sauti, tena kwa nguvu, mpaka kikapiga mluzi.

"Ndugu waombolezaji, tusameheane," akasema. "Uchungu umemzidi dada yetu. Bosi, tunakuomba radhi sisi kama familia. Umetupa jeneza, umetupa usafiri, umekuja mwenyewe. Marehemu ameshakwenda, na maneno hayamrudishi. Tufunike kombe, mwanaharamu apite."

Na watu wakaitikia! Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akampigapiga meneja begani kumpoza, kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa. Wenzetu wa kazini, wale wale waliokuwa wakipigwa shoti na kutukana kila siku, walikuwa wamekodolea macho sare zao. Nilitaka kupiga kelele, na mimi nikakodolea macho sare yangu. Yule mwanamke tulimzika akiwa na presha ambayo hakuwahi kuwa nayo, na meneja akatupa udongo wa kwanza.

Tuliporudi kutoka makaburini hakuna aliyemsogelea Wakili. Mtu aliyeharibu msiba wa watu ananuka. Shangazi wa marehemu alimpita akasonya. Akaenda uani, akainama kwenye beseni la vyombo, akaanza kuosha sahani za watu waliomsonya, akizisugua kama anazidai. Nikachukua kitambaa nikasimama karibu yake nikawa nafuta.

Ndipo akaja mmoja wa wale pacha, aliyetangulia kuzaliwa. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yetu, magoti yakagusana na ya Wakili.

"Mama mkubwa," akasema, "mjomba anasema ni hasira tu. Anasema mlikuwa marafiki, umechanganyikiwa."

"Hasira ninayo," Wakili akajibu. "Sijachanganyikiwa."

"Basi niambie. Aligusa nini?"

Wakili akamwambia. Hakumpunguzia na hakumwongezea. Alimwambia mkono ulikuwa wapi, maji yalikuwa wapi, ubao ulikuwa umeteleza kiasi gani. Akamwambia alivyomlaza na shuka lilivyokuwa bado lina joto la pasi.

"Hiyo mashine iko wapi sasa?"

"Ipo pale pale."

"Imezimwa?"

Wakili aliacha sahani ikazama kwenye beseni. "Haijazimwa, mwanangu. Inafanya kazi tangu kesho yake."

"Na anasimama nani pale?"

Wakili alinitazama mimi, na binti akafuata macho yake, akanitazama na yeye.

"Mimi," nikasema.

Ndani ya nyumba mjomba wake alikuwa anamsindikiza meneja, tukawasikia wakishukuriana. Binti akasimama, akanishika mkono wa kulia, ule wa kushikia mfuniko, akauminya mpaka ukauma.

"Kesho usiiwashe," akasema. "Hata akikufukuza. Nakuja mimi na pacha mwenzangu, asubuhi, tunamkuta huyo meneja mlangoni kwa ofisi yake."

Sikuiwasha.