Mgonjwa Aliyehamia Dunguni

Mke wangu alipopooza upande mmoja, Mwenyezi Mungu alituletea mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo. Alikuja kila Jumatatu na Alhamisi kumgeuza na kumwosha kidonda cha mgongoni. Kidonda kikaanza kufunga. Nilishukuru, na bado nashukuru.

Mpunga ulipochanua tulihamia shamba, kama nyumba nyingi za huku Maparoni, tukapanda dunguni, kibanda cha juu ya miti, kuamia ndege wasile mpunga. Mgonjwa haachwi nyuma; tulimbeba. Mhudumu akatufuata kwa mtumbwi, siku zake zile zile, matope magotini.

Ndipo wakaja wapimaji, kijana wa shirika na mama wa halmashauri. Walikuwa wamekaa vikao Kibiti kukubaliana jinsi ya kupima kwa pamoja huduma za majumbani. Waliafikiana jambo moja tu: ziara ni ile inayofanyika kwenye mlango wenye namba ya kaya, kishikwambi kikishuhudia. Subhanallah, elimu ni bahari.

Mhudumu wetu akapata sifuri ya msimu mzima. Mwenzake wa kitongoji cha pili, aliyezunguka akigonga milango iliyofungwa, akapata alama zote na kofia. Wakasema sifuri nyingine ikitokea, wetu ataondolewa, na dawa za kidonda zitakoma.

Niliwaomba waje shambani wakione kidonda. Kijana akajibu kwa adabu kwamba fomu haina mahali pa kidonda.

"Basi mgonjwa wangu yuko wapi, mwanangu?"

"Kwa mujibu wa mfumo, mzee, yuko nyumbani."

"Na huyu anayeoshwa kule dunguni?"

Akamtazama mwenzake. Yule mama wa halmashauri akasema, "Huyo si wa mradi, baba."

Subira nilifundishwa chuoni tangu utoto, ila hawakunifundisha kubishana na kishikwambi. Kesho yake nilimteremsha mke wangu, nikamrudisha kijijini. Mpunga nikawaachia ndege, nao wakaumaliza bila kikao.

Kidonda kimefunga, alhamdulillah. Mhudumu yupo kazini, na nasikia taarifa ya pamoja inasema huduma kwetu imepanda. Sisi tunakula ugali tu. Mke wangu, ambaye ulimi wake haukupooza, juzi alilitazama tonge, akaniambia, "Wakija tena, waambie wapime na sufuria."