Z Yenye Mkanda

Katika mtaa wetu, karibu kila mtu ambaye hajafika miaka arobaini anaandika herufi z kwa namna moja. Anaichora, halafu anapitisha kistari katikati. Karani mgeni wa posta aliwahi kumzuia mama mmoja dirishani akidhani ameghushi fomu ya jirani yake.

"Mbona mwandiko wa fomu mbili ni mmoja?" akamuuliza.

"Huo si mwandiko wangu wala wa jirani," mama akajibu. "Ni wa Mwalimu. Subiri hapo hapo, wengine wanakuja."

Tulimwita Mwalimu Mkono. Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana kwa mwalimu mkuu na kwa daktari wake, na mimi sitaliandika hapa kwa sababu hakulipenda. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mitatu katika chumba kile kile chenye madirisha mawili na ubao uliopasuka pembeni. Hakuwa na mtoto. Alipanga chumba nyuma ya ukuta wa shule, akitembea hatua mia moja na kumi kwenda kazini, nyingine kama hizo kurudi. Mkoba wake ulijaa vipande vya penseli alivyovichonga kwa wembe mpaka vikawa vifupi kuliko kidole.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alisimama nyuma ya mtoto, akainama, akaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake, na mikono miwili ikaandika kama mmoja. Hakusema mengi. "Panda. Shuka. Rudi." Wakifika kwenye z alisema, "Haendi shule bila mkanda huyu, atavuliwa suruali njiani," na darasa zima likacheka, miaka thelathini na mitatu, kila mwaka kama ndiyo mara ya kwanza. Siku moja alimkuta askari barabarani akiandika maelezo ya ajali. Akamshika kiwiko. "Kalamu si rungu, mwanangu. Legeza." Askari akalegeza. Alikuwa amepita mikononi mwake.

Siku hizi watoto wanabonyeza. Mtu anamaliza chuo na mwandiko wake ukiuona utadhani kuku kapita kwenye matope. Wananiambia mzee, dunia imebadilika. Najua imebadilika. Sijasema imebadilika vizuri.

Mimi ni fundi seremala, na sikukanyaga darasa hata siku moja. Mwaka alipokuja yeye, msichana mwenye sanduku la bati na miwani mikubwa, nilikuwa karibu na miaka arobaini, natengeneza madawati uani, chini ya dirisha la darasa la kwanza. Nikaanza kusikiliza. Kisha nikaanza kuchungulia. Asubuhi moja sauti yake ikatoka dirishani.

"Fundi, msumeno hausikiki. Umelala?"

"Sijalala, Mwalimu."

"Basi niambie hii ni herufi gani."

Nikasema. Nikakosea. Watoto arobaini na wawili wakanisahihisha kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Shikamoo, babu!" Sikuwa babu wa mtu wakati ule. Lakini tangu siku hiyo aliandika ubaoni kwa herufi kubwa zaidi, na mimi nilijua ni kwa ajili ya nani. Nilijifunza kusoma hapo, na baadaye nilisoma kila kilichonipitia mkononi: magazeti ya kufungia misumari, vitabu vilivyotupwa na ofisi, mikataba ya watu wasiojua walichotia saini. Kuandika ndiko kulikonishinda. Mtu mzima mwenye ndevu hashikwi mkono na mwalimu msichana mbele ya watoto, na yeye hakunishika, na mimi sikuomba. Herufi zangu mpaka leo zimekaa kama misumari iliyopigwa na mlevi. Na z yangu haikuwa na mkanda. Kutoka dirishani kile kistari kilikuwa hakionekani; ule utani wa mkanda niliusikia tu.

Ulipokuja ule ugonjwa, shule zikafungwa. Mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye kwa kuwa mama yake anafanya kazi za nyumba za watu mbali, alikuwa na wiki nane tu darasa la kwanza. Alikuwa amefika herufi m. Wenye simu walisomeshwa kwa simu. Sisi tulikuwa na redio. Mtangazaji akasema, "Haya watoto, tazameni ninavyoandika." Mjukuu akaitazama redio. Akaizunguka, akaitazama na kwa nyuma.

"Babu, anaandikia wapi?"

Nikachukua chaki na ubao wa mninga nikamfundisha mwenyewe. Mwezi wa tatu tangu shule zifungwe alikuwa amesahau g. Mwezi wa tano alisema hataki. Mwezi wa saba nilimkuta ameshika penseli kwa ngumi, kama kisu, na nikajua anatoka mikononi mwangu. Nimewaona watu wasiojua kusoma wakizeeka. Nilikuwa mmoja wao hadi karibu miaka arobaini. Najua wanavyocheka kwenye foleni ili wasiulizwe.

Mwezi wa nane mwalimu mkuu aliniita kurekebisha makabati. Mtoto wa meza ya darasa la kwanza, ile droo, ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufunguki. Nikauchomoa wote, na chini yake pakawa na karatasi ya hospitali. Nikaisoma. Ilisema mapafu ya Mwalimu Mkono ni dhaifu kwa pumu ya miaka mingi, na kwamba asikae chumba kimoja na watu wengi mpaka ugonjwa upungue. Mwajiri aombwe kumpa ruhusa.

Nilipoinua macho alikuwa mlangoni.

"Fundi, umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Nilidhani wewe husoma kwa shida."

"Kwa shida, Mwalimu. Lakini nimefika mwisho."

"Basi ulipofika ndipo mwisho. Usiendelee kwa mdomo."

"Mwalimu, wakifungua shule, wewe—"

"Wakifungua shule nitafundisha. Mjukuu wako ameshafika wapi?"

Nikairudisha karatasi, nikauinamia mtoto wa meza kuupiga randa.

Mkutano wa wazazi ulifanyika uwanjani, kila mtu kwenye duara lake la chokaa, barakoa usoni, tukipaza sauti kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Wakubwa walikuwa wameachia kila shule iamue na wazazi wake. Muuguzi wa zahanati alisema tungoje, kwani vitanda alivyonavyo ni sita na vimejaa. Mwenye duka alisema watoto wake wanasoma vizuri kwa simu, haraka ya nini?

"Wako wanasoma kwa simu," akasema muuza mboga, mama wa mapacha. "Wangu wanasoma bei za nyanya. Wameshajua kuzidisha, sasa wanajifunza kudanganya wateja."

Watu wakacheka ndani ya barakoa. Nikanyosha mkono kusema, sijui hata nilitaka kusema nini, na mwenye duka akadakia, "Fundi, wewe ulisomea dirishani, ya darasani tuachie sisi." Wakacheka tena.

Ndipo Mwalimu Mkono akasimama kwenye duara lake. "Wa darasa la saba anaweza kungoja," alisema. "Atakuwa amechelewa, lakini ataendelea. Wangu wakingoja mwaka mzima, mkono unakauka. Mtoto ataingia la pili akiwa na aibu, na la tatu akiwa na hila. Fungueni." Akapumzika kati ya sentensi. Wengine walidhani ni kwa mkazo. Mimi nilijua ni kifua.

Mwalimu mkuu akauliza, kwa sauti ya kusoma waraka, "Kabla hatujapiga kura, kuna anayejua mwalimu yeyote mwenye tatizo la afya? Aseme sasa, tutamtafutia mbadala."

Nilikuwa duara la tatu kutoka kwake. Karatasi niliijua neno kwa neno. Na mbadala nilimjua pia: kijana wa mwaka wa kwanza ambaye angewaandikia ubaoni na kuangalia simu yake. Nilimtazama mjukuu wangu aliyekaa kwenye ukuta wa uwanja, akichora vumbi kwa kijiti alichokishika kwa ngumi.

Nikanyamaza. Hakuna aliyenilazimisha. Mikono ikanyoshwa, na wangu ukiwemo, na shule ikafunguliwa.

Kazi ya kutenganisha watoto nilipewa mimi. Madawati yetu yalikuwa ya watoto watatu, mninga, mengine niliyaunda mwenyewe kabla wazazi wa watoto hawa hawajazaliwa. Niliyakata kwa msumeno kila moja vipande viwili, na kila kipande nikakitilia miguu mipya. Mbao za miguu zililetwa mbichi. Nilimwambia mwalimu mkuu zitapinda. Akasema, "Fundi, ugonjwa haungoji mbao zikauke." Zamani mbao ilikaa darini miaka miwili kabla hujaigusa, na mtu aliyekuagiza dawati alijua hilo na akangoja. Nikagonga misumari.

Wiki ya pili miguu ikapinda. Kila kipande kikawa kinacheza, mtoto akiandika penseli inaruka. Watoto wakagundua dawa haraka kuliko sisi: walisogeza vipande viwili viegemeane, na vikatulia. Wakarudi kukaa watatu watatu, bega kwa bega, kama kabla ya msumeno. Nilikwenda kutia kabari. Nilipofika dirishani nikasimama. Pale pale pa zamani.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele, umbali ulioandikwa kwenye waraka, akimwelekeza mjukuu wangu kwa maneno. "Panda. Shuka. Rudi." Penseli ikapanda kusikotakiwa. Akarudia. Mtoto akaanza kulia bila sauti, machozi yakilowesha barakoa.

Mwalimu akautazama mstari wa chokaa sakafuni. Akauvuka. Akainama nyuma ya mtoto, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja, akaufunika mkono kwa mkono wake.

Walipofika mwisho wa mstari nilimsikia akisema, "Nani kakufundisha z uchi hii?"

"Babu."

"Babu yako aliisomea mbali. Mvishe mkanda, twende."

Nilirudi nyumbani na kabari zangu mfukoni. Naliandika hili ili lijulikane: nilifurahi. Jioni ile mjukuu alijaza ukurasa mzima wa z, zote zimevaa.

Wiki ya tano Mwalimu hakuja darasani. Wiki ya sita muuguzi alimpatia kitanda. Alikaa siku tisa. Alikopata ugonjwa hakuna anayejua. Watoto watatu walikuwa na mafua, lakini hata dukani alipanga foleni kununua sabuni. Muuguzi aliniambia hivyo kwa huruma, na nilimshukuru, na haikunisaidia.

Mwalimu mkuu alipotoa vitu vyake aliikuta karatasi. Alinijia karakana akiwa ameishika.

"Huu mtoto wa meza uliutengeneza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na siku ile nilipouliza?"

"Nilikuwepo."

Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Wewe mzee wewe," akaondoka bila kuaga. Mpaka leo tukikutana anavuka barabara. Shule ikafungwa tena, na madawati yangu nusunusu yamepangwa uani, yananyeshewa.

Mazishini tuliruhusiwa watu kumi. Zamani mwalimu wa namna ile angezikwa na mtaa mzima, maduka yakifungwa. Kibao cha kaburi nilisema nitatengeneza mimi, na hakuna aliyebisha. Nilikuwa na kipande cha mninga uliokauka miaka mingi, niliouweka kwa ajili ya kaburi langu mwenyewe. Nikaupiga randa mpaka ukang'aa. Kisha nikachukua penseli, na nikaona siwezi kumwekea herufi zangu.

Nikamwita mjukuu. Akapanda juu ya kigoda, akaandika polepole, ulimi nje: Mwalimu wa Darasa la Kwanza. Mkono wake ulipanda, ukashuka, ukarudi, na mwandiko ukatoka ule ule, wa posta, wa askari, wa mtaa mzima. Nikachukua patasi nikaanza kuufuata. Nina miaka sabini na tatu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kupita ulipopita wake.

Nilikwenda taratibu, macho yangu si mazuri tena, na unga wa mbao uliyafanya yawe mabaya zaidi. Nilipomaliza nikapuliza vumbi, nikaweka patasi chini.

"Babu, bado," mjukuu akasema, akigusa kibao kwa kidole. "Hapa umeruka. Z haijavaa mkanda."

Nikaishika tena patasi.