Helmeti ya Neema na Mteremko wa Kambini

Enzi zetu breki ilikuwa mguu. Mliokulia kambini, upande ule wa Kigoma, mnanielewa. Wengine nitawaeleza taratibu. Baiskeli zilifika kwetu zikiwa zimeshachoka: kengele hakuna, mipira ya breki imekwisha, kiti kimefungwa kwa vipande vya tairi kuukuu. Ukitaka kusimama, uliikandamiza kandambili juu ya gurudumu mpaka usikie harufu ya mpira unaoungua. Ndiyo maana kila mmoja wetu alikuwa na kandambili moja nzima na nyingine nyembamba kama karatasi. Mama hakuwa na haja ya kutuuliza tulikuwa wapi. Alitazama miguu yetu tu.

Tulikuwa wafupi kuliko baiskeli zenyewe. Tulipitisha mguu chini ya bomba, mwili ukining'inia upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu. Kutoka kanisani hadi sokoni kulikuwa na mteremko mrefu wa vumbi jekundu, na hapo ndipo tulipotawala: mdogo wangu Ezekieli, Onesimo mtoto wa jirani, na mimi. "Pisha! Haina breki!" Kuku walipisha, mbuzi walipisha, hata wazee wa kanisa walipisha, Biblia kwapani.

Tukianguka, tulikwenda kwa Bibi Ana, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa mstari wetu wa nyumba. Alipuliza vidonda, akaponda majani machungu, akafunga kwa kipande cha kitenge, kisha akatupa muhogo wa kuchoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmeangushwa na nini?"

"Na barabara, Bibi."

"Barabara haina mikono," alisema, na kutucheka.

Mama yetu alikuwa mtu wa kushuku. Msemo wake ulikuwa: "Cha bure kikague mara mbili." Siku ya mgao alinusa unga, akautikisa mkebe wa mafuta sikioni. Vyandarua vilipoletwa, aliviacha juani wiki nzima, vitoe kwanza walichoviwekea. Kubwa zaidi, aliogopa orodha. Jina lako likiandikwa, huenda ni la kupata sabuni, huenda ni la kurudishwa Burundi, ambako shamba letu lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine. "Ukiona orodha, uliza kwanza ni orodha ya nini."

Nilisafiri na maneno hayo hadi Louisville, Marekani, nikayapangisha chumba hapa mtaa wa Iroquois. Kwa hiyo kanisa lilipotangaza kwamba Jumamosi watagawa helmeti za baiskeli kwa watoto, bure, ujaze fomu tu, nilimchukua binti yangu Neema, mwenye miaka kumi, nikaenda nikiwa nimekunja uso. Nilimuuliza mara tatu mama wa Kizungu aliyekaa mezani: orodha hii ni ya nini? Akanieleza kwa upole kwamba ni ya kujua waagize ngapi mwakani. Nikaandika jina letu kwa mwandiko ambao hata mimi siwezi kuusoma.

Akampima Neema kichwa kwa utepe, akampa helmeti ndogo. Alipogeuka, nikaibadilisha na kubwa.

Msinicheke. Enzi zetu nani alinunuliwa kitu cha kumtosha? Sare ya darasa la kwanza ilikufikisha la nne. Viatu vilijazwa magazeti mbele, na ukilalamika mama anasema, "Utavijaza." Basi nilipofika nyumbani nikaikagua ile helmeti. Ndani ni kitu cheupe chepesi, kilekile tunachozungushia televisheni kule ghalani ninakofanya kazi. Nikabonyeza kwa kucha, kikabonyea. Hiki ndicho kitazuia kichwa cha mtoto wangu kisipasuke? Kilinipa shaka. Lakini bure ni bure. Nikasokota ngata ya kitenge, ile ya kubebea ndoo, nikaisindilia ndani ili ikae.

Neema akajitazama kwenye kioo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba amekuwa uyoga.

"Utaijaza," nikamjibu.

Watoto wa siku hizi nao! Kwenda mwisho wa mtaa lazima chupa ya maji, glavu, na mtu wa kupiga picha. Neema alishuka kijiteremko chetu, ambacho enzi zetu tungekidharau, helmeti ikamteremkia machoni, akaparamia pipa la taka la jirani. Alianguka kwa makalio. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama nani kamwona. Mwenye pipa, bibi mmoja mzee anayeishi peke yake, akatoka na barafu imefungwa kwenye taulo na biskuti kwenye sahani. Nilimshukuru kwa tabasamu. Biskuti nikazitupa. Nani anajua kilichomo?

Nikampigia Ezekieli nimchekeshe. Yeye yuko mji wa Columbus, mtaa wa Northland, na kila siku anakwenda kazini kwa baiskeli kandokando ya barabara kuu ya Morse Road, kichwa wazi, mabasi yakimpita ubavuni.

"Dada, umemvika mtoto sufuria!" Alicheka mpaka akakohoa. "Mvue bwana. Wanatutia woga tu hawa, kesho watakuuzia ya kuogea. Sisi tulivaa nini? Mbona tupo?"

"Tupo," nikasema, nami nikicheka. Kisha nikahesabu: tulikuwa watatu. "Na Onesimo?"

"Onesimo alilogwa, Dada." Alijibu haraka mno. "Si unajua?"

Ndiyo, nilijua. Ndivyo tulivyolelewa tukijua. Onesimo alikuwa anakwenda sokoni kununua chumvi. Alianguka mwisho wa mteremko, kichwa kikagonga jiwe. Akainuka anacheka, akajipangusa. Bibi Ana akamfunga goti, akampa muhogo. Jioni akasema kichwa kinauma, akatapika. Asubuhi hakuwepo tena.

Watu wazima wakaulizana: alikula nini? Kwa nani? Na sisi watoto tukawa wakali kuliko wao. Tukiwa tunapita kwa Bibi Ana tulihamia upande wa pili wa njia, Ezekieli akiwa mbele na mimi nyuma yake. Bibi alisimama mlangoni akingoja shikamoo. Haikuja. Kabla ya mvua kuanza aliomba ahamishwe mtaa mwingine wa kambi, akaondoka na godoro lake kichwani, hakuna aliyempokea mzigo.

Nilimpigia mama. Anaishi Kenmore, kaskazini mwa mji wa Buffalo, kwa dada yetu mkubwa, na theluji ikianguka hatoki ndani. Nikamuuliza moja kwa moja Onesimo aliuawa na nini.



"Lilikuwa ni jiwe, mwanangu. Mimi ndiye niliyesaidia kumwosha. Nilikishika kile kichwa."

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema, ningehesabiwa mchawi pamoja na Bibi Ana. Nilikuwa na ninyi." Akashusha pumzi. "Na ule muhogo, hata mimi niliula siku ile."

Nilimwandikia Ezekieli maneno ya mama kama yalivyo.  Siku ya tatu alinitumia picha: uzi aliouzungusha kichwani mwake, ameunyoosha kando ya rula. Chini yake ameandika, "Dada, ukininunulia, usininunulie ya kukulia."

Jumamosi iliyofuata nilirudisha ile kubwa kanisani, nikakiri kosa langu. Yule mama wa mezani hakunicheka. Akanifundisha, nami nawafundisha ninyi: ikae vidole viwili tu juu ya nyusi, mkanda ubane kidevu mpaka vidole viwili vipite kwa shida, na mtoto akitikisa kichwa, isicheze. Ikishagonga chini kwa nguvu mara moja, ibadilishe, hata kama huoni ufa. Mimi bado naishuku. Kila Neema akitoka naivuta, naitikisa, naibonyeza, kama mama na mkebe wake wa mafuta. Kushuku kwa namna hiyo hakumdhuru mtu.

Mtaniuliza: ivaliwe kila mara? Hata kwenda dukani tu? Onesimo alikuwa anakwenda kununua chumvi.

Nawaonea huruma watoto wa siku hizi. Hawatajua harufu ya kandambili inayoungua, wala raha ya kupiga kelele "haina breki" huku mbuzi wanakimbia. Utoto wetu ulikuwa mpana kuliko huu. Lakini enzi zile tulishuku unga, tukashuku vyandarua, tukashuku orodha, tukamshuku mama mzee aliyetupuliza vidonda. Baiskeli peke yake ndiyo tuliyoiamini.

Siku hizi Neema akifika kwenye lile pipa anapunguza mwendo, anagonga kengele, na bibi anatoka barazani kumpungia mkono. Juzi alileta tena sahani ya biskuti. Nilikaa naye pale ngazini, nikala mbili.