Bibi Alionja Kwanza

Enzi zetu, sisi tuliokulia Chinongwe, mtoto mwenye shati lisilo na madoa ya mabibo alikuwa ama mgonjwa ama mgeni kutoka Dar. Tukitoka shule tulipitia kwenye mikorosho, tukafyonza mabibo mpaka koo likawasha, kisha tukafika nyumbani kuvamia chungu cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini. Watoto wa leo ukiwapa ming'oko wanauliza tomato sosi iko wapi. Sisi tulikula tu, na matumbo yakatuadhibu.

Tabibu wa matumbo hayo alikuwa bibi yetu, mama yake baba. Alijua mizizi ya kikohozi na majani ya vidonda, na alikuwa na desturi moja ninayompendea mpaka leo: hakumpa mtoto dawa kabla hajainywa mwenyewe. Alikunywa, akakaa mkekani akipepeta ufuta, na akijiona mzima ndipo alipoita. Mdogo wangu Hamisi, bibi alimwita mume wake, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Mume wangu, njoo unywe, mkeo nishaonja!" Hamisi alikunywa amefumba macho, sisi tukimcheka.

Mwaka mmoja minyoo ilimsumbua sana Hamisi. Jirani akamwambia bibi kuwa mbegu za mbono kaburi, ule mti unaojiotea vichakani, zinafagia tumbo. Bibi hakuwahi kuzitumia. Akatafuna, akasema tamu kama karanga, akasubiri, hakuona kitu. Basi akamtwangia Hamisi, akamchanganyia kwenye uji.

Haukupita muda Hamisi akaanza kutapika na kuharisha mfululizo, macho yakamwingia ndani, hata kulia akashindwa. Sijawahi kuogopa vile. Bibi alimfunga mgongoni kwa kanga akakimbia peku hadi zahanati, njia nzima akisema, "Mume wangu, usiniache." Mimi nyuma, nalia.

Muuguzi alipouliza mtoto kapewa nini, bibi hakuficha, ingawa wengi huficha kwa aibu. "Mbono. Nimempa mimi. Lakini si nilionja? Mbona mimi mzima?"

"Bibi yangu," muuguzi akajibu huku akimtundikia Hamisi dripu, "tumbo lako limeshazoea shida. La huyu ni la juzi tu."

Hamisi alipona. Bibi aliendelea kuchimba ming'oko yake, lakini dawa za kuwanywesha watoto aliziacha kabisa. Ukimwambia tumbo linauma, alikushika mkono mkaenda zahanati, hata kama ulikuwa unatega shule.

Sasa Hamisi ni baba wa mtoto mmoja, anaishi Ruangwa mjini. Juzi alinitumia sauti inayozunguka kwenye simu, kijana anazisifia mbegu zilezile: "Mimi nimetumia, niko fiti kabisa!" Shemeji yangu alikuwa ameshazichuma kwa ajili ya mtoto. Hamisi alizikuta jikoni, akazitupa chooni.

Nilimkumbuka bibi kwa mapenzi, na kwa uchungu. Kosa lake na la yule kijana ni lilelile: kudhani kisichomdhuru mmoja hakimdhuru mwingine. Lakini bibi alikuwa pale. Huyu wa kwenye simu hamjui mtoto wetu hata kwa jina, na mtoto akizidiwa, hatakuja kumbeba.