Sufuria ya Watu Wawili

Wiki hii nilikwenda ofisi ya chifu huko Mwala kugongewa muhuri, nikakuta mwolyo, chakula cha msaada, unagawiwa. Vumbi la mikokoteni ya punda lilining'inia hewani bila haraka ya kutua, na watu waliongea polepole kama walioamshwa sasa hivi.

“Susu, mko wangapi kwa nyumba?” karani alimuuliza nyanya mmoja.

“Tuko wawili. Mimi na kijana yangu.”

“Huyo kijana ako wapi?”

“Ako Mavoko, kwa kiwanda.”

“Anarudi lini?”

Nyanya aliangalia barabara kwa muda mrefu, hata karani naye akageuka kuangalia. Barabara ilikuwa tupu.

“Hajasema.”

“Susu, hapa tunahesabu wale wanakula kwa sufuria yako. Kila mtu gorogoro moja ya mahindi.”

“Si ndio nakuambia. Kila jioni napika na yake.”

“Na inakuliwa na nani?”

Nyanya alifungua leso kiunoni. Karani akaandika mtu mmoja.

Sina ugomvi na karani. Kila mama akiandikisha anaowaota, magunia yatakwisha kabla ya saa nne. Nyanya mwenyewe hakubisha. Alitandaza leso chini, akamwaga mahindi yake, akayagawa kwa kiganja mafungu mawili, kisha akayafunga, moja pembe hii, jingine pembe ile, akijisemea, “Yangu hapa, ya kijana hapa.”

Fungu la kijana ndilo lililokuwa kubwa.