Sarafu Katika Koo la Chemchemi

Sogea karibu unisikilize, ingawa mimi niko Barking, huku London, na wewe sijui uko wapi. Siku yangu ya kwanza kazini hifadhini nilipangiwa langoni, kuinua kizuizi cha magari. Mhifadhi Mkuu alinionyesha mvuke uliokuwa ukifuka bondeni.

"Kijana, usidhani mkubwa hapa ni mimi. Mkubwa ni yule. Hana saa, wala hapokei simu ya makao makuu."

Baadaye nilipandishwa kuwa mwongoza wageni kwenye chemchemi ya maji moto iliyotoa mvuke huo. Maji yake huchemka chini ya mwamba, katika mwanya mwembamba tuliouita koo. Mvuke ukizidi, huyarusha juu. Kila yarukapo huacha madini kidogo mdomoni, na madini hayo, tabaka juu ya tabaka, hujenga koni kama kichuguu. Kazi yetu ilikuwa kuwaweka watu nyuma ya kamba, maana kitu kikidumbukia kooni, madini hukishika kama saruji. Hayo nilimfundisha Chebet, aliyeshika nafasi yangu nilipostaafu na kumfuata binti yangu London.

Mwaka huu binti yangu alimpeleka mwanawe, Amina, kuiona. Mimi magoti hayakuniruhusu. Wiki hiyo hiyo Chebet akapiga simu.

"Mzee, habari ya huko? Wageni wako walifika. Kwa heshima yako niliwavusha kamba."

"Uliwavusha?"

"Si ni watu wa nyumbani? Basi mtoto akatupa sarafu kooni. Tumejaribu kuivua kwa ndoano, wapi. Chemchemi inaguna tu, hairuki. Nami nimerudishwa langoni."

"Langoni, kwa ajili yangu."

"Usijali, Mzee. Huku angalau kuna kivuli."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Amina aliporudi nilimuuliza. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba aliomba magoti yangu yapone. Kumbe kila tulipopita bustani za hapa, penye maji ya pampu ambamo watu hutupa sarafu wakinuia jambo, nilimwambia, "Hiyo ni chemchemi." Na ile ya kwetu nikaiita chemchemi pia.

Nilimpigia Mhifadhi Mkuu wa sasa kumwombea Chebet. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, enzi zako ungemwacha pale chemchemini mtu aliyevusha wageni kamba?" Nikamuaga, uso ukiniwaka. Nisingemwacha.

Nawe ukilea mtoto ughaibuni, usimpe neno tupu. Mwambie ile ya bustanini ni bomba, ya kwetu inapumua. Mkifika, mshike mkono, msimame nyuma ya kamba, hata mkikaribishwa mbele.